Asilimia 112

Ripoti ilikuwa ya ukurasa mmoja, na chini yake kuna sahihi yangu. Chanjo ya surua, dozi ya kwanza, wilaya moja ambayo sitaitaja: asilimia 112. Niliisoma, nikaigonga muhuri, nikaipitisha. Ilikuwa Ijumaa jioni na mezani kulikuwa na ripoti nyingine kumi na tatu zinanisubiri. Wilaya iliyoleta 86 niliipigia simu kuuliza kulikoni. Hii ya 112 niliiandikia "Hongereni sana".

Miezi mitano baadaye surua ikalipuka pale pale kwenye 112.

Watu huniandikia wakitaka kujua mtu anakuwaje mtaalamu wa epidemiolojia, yaani kufuatilia jinsi magonjwa yanavyoenea kwa watu: asome nini, aanzie wapi, ajira ziko wapi, na je, ni kweli tunasafiri hivyo? Maswali ya haki na nitayajibu, ila nikianza na vyeti nitakuwa nimewapotosha. Vyeti vyote nilikuwa navyo siku ile ya Ijumaa.

Turudi shule ya msingi kidogo. Mwalimu wetu wa hisabati alichora mstari ubaoni, juu akaandika 3, chini akaandika 4. Ya juu inaitwa kiasi, akasema. Ya chini inaitwa asili. Tukakariri, tukafanya mtihani, tukasahau. Neno "asilimia" nimelitamka maelfu ya mara kabla sijasikia kilichomo ndani yake: asili ikiwa mia. Kwa kila watoto mia walio hai mahali hapa, wangapi wamechanjwa? Ukipata mia na kumi na mbili, basi ama umechanja ambao hawajazaliwa, ama hiyo mia yako si mia.

Kiasi huja chenyewe. Mgonjwa anafika kituoni, anaandikwa. Dozi inatumika, chupa tupu inahesabiwa. Maiti inafika mochwari, inapewa namba. Asili haina miguu. Asili ni waliobaki nyumbani: wazima, waliokosa nauli, waliojifia kimya kimya, na wale ambao hakuna anayejua kama wapo. Hao ni wewe unayewafuata. Mimi kazi hii naielewa hivyo tu, mengine yote ni vifaa.

Kwenye mlipuko ule muuguzi mfawidhi wa zahanati, mama mtu mzima kuliko mimi, alinifungulia daftari lililounganishwa mgongoni kwa plasta ya vidonda. Safu ya umri: miaka 3, miezi 7, miaka 11, miaka 22. Safu ya makazi: machimboni, na chini ya neno hilo alama za kurudia, moja baada ya nyingine, mpaka mwisho wa ukurasa.

"Huko machimboni kuna watoto wangapi, mama?"

"Wale si wetu, Daktari. Wanakuja, wanaondoka."

"Ila kwenye walengwa wenu wa chanjo wamo?"

Akanitazama kama anayepima iwapo namtania. "Walengwa si mnatuletea nyie kutoka juu?"

Juu ilikuwa ofisi yangu.

Idadi ile ilitokana na sensa ya miaka minane nyuma, ikaongezwa kidogo kila mwaka kwa kiwango kilekile, kana kwamba binadamu huongezeka kwa kuzaana tu na hawahami. Machimbo yalifunguliwa baada ya sensa. Kwa hesabu zangu pale palikuwa pori. Wakati huohuo kinamama wa wilaya jirani walikuwa wanavuka mto kuleta watoto wao kwenye zahanati hii, maana ya kwao ilikuwa mbali zaidi, na kila mtoto aliyevuka aliingia kwenye kiasi cha huku, asili yake ikibaki ng'ambo. Juu pamejazwa na wasio wa pale, chini pamepunguzwa walio wa pale. Ndipo ikapatikana 112, na mimi nikatoa hongera.

Surua haisamehi makosa ya namna hiyo. Mgonjwa mmoja akiwa kati ya watu wasio na kinga huambukiza wengine 12 hadi 18. Virusi vinaweza kukaa hewani hadi saa 2 baada ya mgonjwa kutoka chumbani. Na anaanza kuambukiza siku 4 kabla vipele havijatokeza, wakati mama yake bado anadhani ni mafua. Ndiyo maana tunang'ang'ania 95 kati ya 100, dozi mbili, tena katika kila kijiji, maana wastani wa mkoa unaweza kupendeza huku kijiji kimoja kinawaka.

Tulikwenda machimboni kuhesabu kaya kwa kaya. Mwongozo unasema kila mlango uliopita uuwekee alama ya chaki. Hakukuwa na milango. Kulikuwa na maturubai. Nikarudisha chaki mfukoni.

Binti wa miaka kama minane alianza kwa kutufuata, baadaye akawa anatutangulia. "Hapo wako wawili," anasema, "mmoja kajificha nyuma ya ndoo." Kweli, nyuma ya ndoo kuna mtoto, macho mekundu, anakohoa. Kila mtoto wa pale alimjua, kwa kuwa ama alicheza naye ama alimbeba mgongoni. Mpaka saa nane mchana alikuwa ameturekebishia hesabu mara sita. Maturubai yalipokwisha akatupitisha nyuma ya mashimo, akatuonyesha kwa kidole vilima vitatu vya udongo mpya. Vifupi. Nilikuwa na orodha ya zahanati mkononi. Safu ya vifo ilikuwa na sifuri.

Majina alikuwa nayo yote matatu. Niliyaandika.

Tuliporudi kupiga hesabu upya, tukiwatoa waliovuka mto na kuwaingiza wa machimboni, ile 112 ilishuka chini ya 70.

Hadithi ya John Snow, daktari wa Uingereza, kila anayeingia fani hii humezeshwa wiki ya kwanza: London, mwaka 1854, kipindupindu Broad Street, ramani ya vifo, mpini wa pampu ya maji aliyoishuku ukaondolewa, makofi. Mpini uliondolewa kweli, Septemba 8, lakini wagonjwa walikuwa wameshaanza kupungua, maana wakazi wengi walikuwa wameukimbia mtaa. Mimi huvutiwa zaidi na jinsi alivyowaulizia wasiougua. Kiwanda cha bia kilichokuwa karibu na pampu hakikufiwa na mfanyakazi: watu walikunywa bia, na kiwanda kilikuwa na kisima chake. Makazi ya maskini yaliyokuwa jirani yalikuwa na watu 535, wakafa 5 tu. Nayo yalikuwa na kisima chake. Mwaka huohuo, kusini mwa jiji, alipita kwenye nyumba zilizofiwa kuuliza maji yao yanatoka kampuni ipi, kisha akagawanya vifo kwa idadi ya nyumba ambazo kila kampuni ilizihudumia. Kampuni iliyochota maji machafu ya mto Thames mle mjini: vifo 315 kwa kila nyumba 10,000. Iliyokuwa imehamisha bomba lake sehemu ya juu ya mto, kabla ya uchafu wa jiji: 37. Hapo hapahitaji ramani. Namba ya chini imemaliza mabishano.

Na kuna Henry Whitehead, kasisi kijana wa mtaa ule, ambaye alianza kuchunguza akitaka kumpinga Snow. Ni yeye aliyekuja kumgundua mtoto mchanga ambaye nepi zake zilifuliwa na maji yake kumwagwa kwenye shimo lililokuwa karibu na kisima cha ile pampu. Aliweza kwa sababu aliwajua watu wa mtaa, nyumba kwa nyumba. Kila nikimsoma Whitehead namkumbuka yule binti.

Kuna siku nyingine asili iliniokoa mbele ya hadhara. Mlipuko wa surua shuleni, ukumbi umejaa wazazi, mzee mmoja anasimama na karatasi. "Ndugu mtaalamu, nimepita mwenyewe kuhesabu. Nusu ya watoto waliougua wana kadi za chanjo. Tuambie ukweli, hii chanjo yenu inafanya kazi au haifanyi?" Ukumbi ukamshangilia. Na hesabu yake ilikuwa sahihi, hilo ndilo lililonitia jasho.

Nikaomba ubao. Tuseme shule ina watoto 1,000, nikasema, 950 wamechanjwa na 50 hawajachanjwa. Chanjo tuseme inakinga 95 kati ya 100, maana hakuna inayokinga wote. Surua ikiwapitia wote, wale 50 wanaugua takribani wote. Kati ya 950, asilimia 5 ambao kinga haikushika ni watoto 47 au 48. Wagonjwa karibu mia, nusu wana kadi, nusu hawana. "Mzee wangu, umehesabu sawasawa. Ila nusu ya kwanza imetoka kwa watoto mia tisa na hamsini, nusu ya pili imetoka kwa hamsini." Akaitazama ile namba ya chini muda mrefu. Akasema, "Kumbe," akaketi. Sijawahi kupata sifa inayoishinda hiyo "kumbe", hata kwenye makongamano.

Haya, vyeti.

Mimi nilianza kama tabibu. Nilitibu kuhara wodini, mtoto anaruhusiwa Jumatatu, anarudishwa baada ya wiki mbili kutoka kisima kilekile, mpaka siku moja nikaacha stetoskopu mezani nikaenda kukiona kisima. Ikafuata shahada ya uzamili, halafu miaka miwili ya mafunzo ya epidemiolojia ya vitendo. Mafunzo ya aina hii sasa yapo katika nchi nyingi kwa ngazi tatu: ya miezi 3 kwa walio wilayani, ya kati kama miezi 9, na ya juu miaka 2, na sehemu kubwa mnafanya kazi kuliko kukaa darasani. Babu yao ni Epidemic Intelligence Service ya Marekani, kikosi cha kuchunguza milipuko kilichoanzishwa mwaka 1951, ambayo nembo yake ni soli ya kiatu iliyotoboka. Si lazima uwe daktari. Mfuatiliaji bora niliyewahi kufanya naye kazi ni daktari wa mifugo. Yeye hakuwahi kutegemea mgonjwa amweleze anaumwa wapi, kwa hiyo alitazama. Maafisa afya, watu wa maabara, watu wa takwimu, wote wana nafasi. Programu za kompyuta jifunze, lakini kwanza ujue kuchora jedwali la vyumba vinne kwa kalamu: walioonja na wasioonja hatari, waliougua na wasiougua. Asiyeweza kulijaza kwa mkono, kompyuta itamdanganya kwa rangi nzuri.

Lugha ongeza. Kifaransa changu kibovu kimeniletea kazi nyingi kuliko shahada.

Upande wa ajira, serikalini kuna uhakika na posho za kugombania; mashirika ya kimataifa yana malipo bora na mikataba ya miezi mitatu mitatu ambayo inaisha kabla hujajua choo kiko wapi. Nimewahi kukaa miaka minne mfululizo kwa mikataba kumi na moja. Benki haikopeshi mtu wa namna hiyo. Harusi mbili za ndugu zangu nilizisikia kwa simu, na mazishi moja, na hilo la mazishi sitalieleza hapa.

Ndiyo, tunasafiri. Mwaka 2014 nilipelekwa Afrika Magharibi kwenye Ebola. Ugonjwa ulikuwa umeanza kijijini Guinea Desemba 2013, ukatambuliwa Machi 2014. Katika miezi ile mitatu ulikuwa umeshavuka njia nyingi. Mpaka unaisha walikuwa wameandikwa wagonjwa zaidi ya 28,600 na vifo zaidi ya 11,300. Kazi yangu ilikuwa orodha za watangamano: kila aliyemgusa mgonjwa anaandikwa, anatembelewa na kupimwa joto kila siku kwa siku 21. Jioni tulijiuliza swali moja ambalo lilinipa usingizi au kuninyima: wagonjwa wapya wa leo, wangapi walikuwa tayari kwenye orodha? Wakiwa wote, mnyororo wa maambukizi unaujua, unaukata. Siku moja walikuja saba, kwenye orodha walikuwamo wawili.

Kesho yake nikaenda na mhudumu wa afya wa jamii kwenye kaya ya mmoja wa wale watano. Mwenye nyumba akatutajia watu wanne. Nikaandika wanne, nikashukuru, nikageuka kuondoka. Yule mhudumu akanivuta mkono. "Dada, hesabu viatu."

Mlangoni kulikuwa na jozi tisa za kandambili.

Hawakuwa waongo kwa tabia. Kuandikwa maana yake ilikuwa nyumba kufungwa siku 21, majirani kukatisha njia, mwenye kibarua kukosa kibarua. Nani angejitokeza? Tulipoanza kupeleka chakula na maji kwa kaya zilizofungwa, orodha zikarefuka, na ofisi moja ya juu ikatuandikia kwa wasiwasi kwamba watangamano wanaongezeka, hali inazidi kuwa mbaya. Ilituchukua simu mbili kuwaeleza kwamba hiyo ndiyo ilikuwa habari njema ya wiki.

Hata ndui, ugonjwa pekee wa binadamu tuliofanikiwa kuufuta kabisa, ulijifichia mwishoni mahali pa namna hiyo. Mtu wa mwisho kuupata kwa njia ya kawaida, Oktoba 1977 huko Merca, Somalia, alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali. Hospitali! Ungesema hapo ndipo kila mtu ameshachanjwa. Yeye aliikwepa sindano kwa kuogopa maumivu, akaambukizwa kwa safari ya dakika chache ndani ya gari na wagonjwa aliokuwa akiwaonyesha njia. Alipona. Baadaye alifanya kazi ya kuwahimiza wazazi wachanje watoto polio, akiwasimulia kosa lake mwenyewe, mpaka alipofariki kwa malaria mwaka 2013. Namheshimu kuliko maprofesa wengi.

Siku hizi nakaa ofisini zaidi ya ninavyopenda. Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005 zinaipa nchi saa 24 kuliarifu Shirika la Afya Duniani tangu ilipotathmini tukio kuwa huenda ni la hatari kimataifa. Nyuma ya saa hizo 24 kuna simu za usiku wa manane, na nyuma ya simu kuna picha za madaftari zilizotumwa kwa WhatsApp, kona imefunikwa na dole gumba la aliyepiga. Kuna muuguzi ninayemfahamu kwa dole gumba tu. Likionekana najua safu zimejazwa vizuri.

Na ninafundisha. Wiki iliyopita nilikuwa na darasa la vijana ishirini na wawili, nimewasimulia machimbo, nimewasimulia kandambili, nimejisikia mwalimu kweli kweli. Kisha nikaonyesha jedwali langu la hali ya chanjo ya polio katika wilaya tisa. Binti mmoja wa mstari wa nyuma akanyoosha mkono.

"Samahani, mama. Safu ya nne, hiyo asili imetoka wapi?"

Nikafungua mdomo kumjibu. Ilikuwa imetoka kwenye jedwali langu la mwaka juzi, ambalo nililitoa kwenye la mwaka uliotangulia. Nikawapa mapumziko ya dakika kumi, nikatoka nje na simu, nikampigia mratibu wa chanjo wa wilaya ya kwanza kwenye orodha.

"Walengwa?" akasema. "Si mnatuletea nyie?"